Kidole cha Kuazima

Tulimwita Mama Mvuke kwa sababu ukiingia chumba cha pasi asubuhi humwoni, unasikia tu sauti yake kali ikitoka ndani ya mvuke: "Funga mlango, shuka zangu zinapata baridi!" Shuka zake. Kwa miaka ishirini na miwili alinyoosha shuka za hospitali na za nyumba za wageni, wala hata moja haikuwa yake, lakini nani angethubutu kumwambia? Mimi sikuthubutu.

Nilikuwa karani wa dobi ile, kiwanda cha kufulia alikofanya kazi. Ofisi yangu ilipakana na mashine za kufulia: meza moja inayotetemeka mashine zikiwaka, kabati la chuma la mafaili, na pedi ya wino ambayo kifuniko chake kilipotea zamani. Siku yangu ya kwanza nilifika na sketi imekunjamana, nikijiona mkubwa kwa sababu nina cheti. Mama Mvuke alinivuta nyuma ya pazia, akanivua sketi, akaipiga pasi huku nimesimama na shimizi, akanirudishia ingali ya moto. "Haya, nenda kakae kwenye kiti chako, mwanangu. Karani hakunjamani." Ndiyo maana haya ninayoyasimulia yananichoma.

Mama Mvuke hakusoma shule. Penye saini aliweka kidole gumba, na kidole chenyewe hakikuwa na mistari. Huo ndio ugonjwa wa wapiga pasi. Pindo la foronya unalilaza kwa kidole kabla pasi haijafika, na ukifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, ngozi inakuwa laini kama kigae. Ofisi ya bima ilirudisha fomu yake mara mbili, ikilalamika kwamba tumewapelekea doa la wino. Mara ya tatu Mama Mvuke akacheka. "Niazime chako basi. Hicho chako hakijawahi kufanya kazi." Nikacheka na mimi, nikabonyeza changu. Fomu haikurudi.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Fomu ya likizo, hati ya kupokea aproni mpya, karatasi ya kupimwa macho: namwita, namsomea, anatikisa kichwa, anasema "Haya, weka," naweka. Lilikuwa kosa, sikatai. Lakini kila karatasi aliisikia kwanza kwa masikio yake.

Kisha mwenye dobi akauza dobi. Aliniita akanikabidhi karatasi za aina mbili. "Hawa wote wanatia saini barua ya kuhamishiwa kwa mwajiri mpya," alisema. "Hawa wawili barua yao ni hii." Wawili wenyewe walikuwa dereva na Mama Mvuke, waliokaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Nikasoma: *Mimi mwenye jina hapo juu naacha kazi kwa hiari yangu.*

Nilijua maana yake, nisijitie hamnazo. Kazi ikienda kwa mwajiri mwingine, mfanyakazi huhama na miaka yake. Aliyeacha mwenyewe anaanza moja, hata kama kesho yake yuko palepale na pasi ileile. Mwenye dobi aliniona nikisita, akalainisha sauti. Mnunuzi, alisema, hapendi watu wenye miaka mingi mgongoni. Mimi ameshaniombea nibaki na kiti changu. Karatasi ziwe tayari saa sita.

Dereva aliisoma yake kwa kusimama, mara mbili, akanirudishia. "Karani, mimi siachi kazi. Kazi ndiyo inayohama." Akaenda kuosha gari. Basi! Hakufokewa, hakufukuzwa, na mchana alipewa barua ya kuhamishwa kama wengine.

Ikabaki ya Mama Mvuke. Niliinuka kwenda kumwita, nikafika hadi mlango wa chumba cha pasi, nikamsikia ndani akimtania mwenzake kwamba shuka aliyoikunja ingemtia mgonjwa homa nyingine. Nikimwita itabidi nimsomee. Nikimsomea atakataa kama dereva, na mwenye dobi ataniona sijiwezi, na kiti changu je? Nikarudi mezani. Nikabonyeza kidole changu kwenye wino, nikakibonyeza kwenye barua yake ya kuacha kazi, peke yangu, nikajiambia ni utaratibu tu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja ukoo, alizaliwa papo hapo.

Mwajiri mpya alikuja na rangi mpya ukutani na mashine inayomeza shuka huku na kuitoa kule imeshanyooshwa. Wiki ya tatu afisa utumishi wake, mwanamume mpole wa miwani aliyewekewa meza mkabala na yangu, akabandika tangazo. Chumba cha pasi kitapunguza mtu mmoja, na aliyeingia mwisho ndiye atakayetoka kwanza. Mama Mvuke aliposomewa, alikwenda kumpa pole mwenzake aliyekuwa na miaka miwili tu kazini. Alimwahidi kumuulizia nafasi kwingine. Nilimsikia kupitia ukutani, nikatamani sakafu inimeze.

Saa nne akaitwa yeye.

"Mama, kwa mujibu wa faili, una wiki tatu hapa," afisa alisema.

Mama Mvuke akaangua kicheko. "Wiki tatu! Baba, hata huo mlango mimi nimeuona ukitiwa."

"Uliacha kazi kwa hiari yako. Ukaanza upya kwetu."

"Niache niende wapi?"

Afisa akamgeuzia faili. "Hiki si kidole chako?"

Akainama. Alama ilikuwa safi, mistari yote inahesabika, na katikati kuna kovu dogo la pini ya stepla. Kovu hilo alilijua. Yeye ndiye aliyenifunga kitambaa siku nilipojitoboa. Aliinua macho akanitazama, wala si kwa hasira. Hasira ningeiweza. Alinitazama akisubiri niseme neno, na mimi nikawa napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ni changu," akasema.

Akaanza kufungua kamba za aproni. Fundo lilikuwa limekaza, na vidole vyake vilivyozoea kila aina ya kitambaa vikawa vinalikosa. Miaka ishirini na miwili ilikuwa inatoka mlangoni, na alikuwa ananisitiri mimi.

"Mwongo huyo," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Si chake. Ni changu."

Nilibonyeza kidole kwenye pedi, nikakiweka kwenye karatasi nyeupe kando ya barua, kovu kando ya kovu. Kisha nikamwomba Mama Mvuke aweke chake. Likatoka doa.

Afisa alizilinganisha zile alama tatu. "Aliijua barua hii?"

"Hapana. Sikumwita. Sikumsomea."

Kufika mchana, barua ile ilikuwa imefutwa kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, na miaka ya Mama Mvuke imerudi kwenye faili lake. Katika chumba cha pasi hakuna tena aliyemzidi. Mimi afisa hakuniitia polisi. Alifungua droo, akanisogezea karatasi, na nilipoiona nikayatambua maneno yake yote. Nikatia saini kwa mkono wangu.

Nilimkuta Mama Mvuke kwenye ukumbi, amekalia kikapu cha shuka kilichopinduliwa, aproni imefungwa tena.

"Kwa nini hukuniita?" akauliza.

"Niliogopa, mama."

"Ningekuja. Hata kwa hilo ningekuja." Akaitazama karatasi mkononi mwangu. "Hiyo inasemaje?"

"Ni barua yangu ya kuacha kazi."

"Umeisoma kabla ya kutia saini?"

"Nimeisoma."

Akafuta mikono kwenye aproni, akajiweka sawa juu ya kikapu. "Mimi sijaisikia. Nisomee."

Nikamsomea, tangu jina langu. Nilipofika *kwa hiari yangu* nikaharakisha nipite.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.