Hori Lililojaa Jangwani

Asubuhi ile kaka yangu Guyo alilalamika kwamba chai yangu ina moshi mwingi kuliko sukari. Nikamwambia aoe, apikiwe na mwingine. Tulikuwa saba pamoja na Mama, tukiswaga ngamia waliobeba tumbaku na majani ya chai kutoka mpakani hadi masoko ya ng'ambo ya jangwa. Guyo ndiye aliyetangulia kututafutia maji. Kila alipoyapata, alirudi na tope mikononi lakini midomo mikavu, maana kwetu anayetangulia hanywi kabla ya kuwaletea wenzake habari.

Adhuhuri tukasikia bunduki nyuma yetu. Vita vya koo, tulivyodhani vimebaki milimani, vilikuwa vimefika soko tulilolala jana yake.

Tulikimbia siku mbili. Guyo akapata kisima. Tulipokwisha kunywa nilitaka tuondoke upesi, lakini yeye aliendelea kuteka, akijaza hori la kunyweshea ngamia. Ndiyo desturi yetu: ukiondoka kisimani, unamwachia maji anayekuja.

"Unawajazia wanaotufuata?" nikamfokea. Nilikuwa na hasira naye, sifichi.

"Namjazia mwenye kiu," akasema, akateka tena.

Wale wenye bunduki walitufikia kesho yake. Walikuwa wamekunywa maji yale. Bila hayo wasingefika.

Wakampiga Guyo risasi moja.

Wakachukua ngamia, viriba, ndoo na kamba.

Tulimfukia kwa mikono. Kisha tukafuata njia hadi kisima cha mbele, nami nikijua tunakwenda kufa, kwa sababu kisima kirefu bila kamba ni shimo tu. Nilimshika Mama mkono nikiogopa kuutazama uso wake.

Nyayo zao zilitutangulia hadi pale.

Hori lilikuwa limejaa pomoni.

Watu walewale, kwa ndoo yetu na kamba yetu, walisimama juani wakateka maji wasiyoyahitaji tena, wakatuachia. Nimeona mengi tangu siku ile, na sijaona jambo lililonistaajabisha kama hilo.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha nilifika Durban, Afrika Kusini, nikapata kazi ya kusuka nywele mtaa wa Point. Niliyesuka naye ni Mama Furaha, Mkongomani aliyekimbia vita vya kwao. Siku niliyomsimulia haya, aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Ile maji ya wauaji, uliikunywa?"

"Nilikunywa."

Akakishika tena kichwa cha mteja. "Eish. Hata mie ningekunywa."

Kuna jambo sikumwambia. Tuliyanywa yote, sisi sita, hadi tukaona sakafu ya hori, na hatukuwa na kamba ya kumjazia atakayekuja. Mama, ambaye hakulia tulipomfukia mwanawe, aliketi kando ya hori lile tupu akalia.