Blanketi la Mama Kabla ya Kuondoa Kilio

Je, wafu husikia baridi? Swali hilo lilininyima usingizi, mimi niliyerudi Masisi, milimani mashariki mwa Kongo, na shahada ya fizikia, ninayejua kabisa kwamba baridi ni joto linaloondoka tu. Nilijua, na bado nililala macho wazi nikitazama kitanda cha mama upande wa pili wa chumba, ambako blanketi lake lilikuwa limekunjwa juu ya mto kama mtu aliyejikunyata.

Mama alifariki akisema anasikia baridi. Blanketi lile ndilo tulilomfunika wakati wa mkesha, tukalitoa kabla jeneza halijafungwa. Katika ukoo wetu, blanketi lililofunika maiti halikatwi mpaka kilio kiondolewe, yaani siku familia nzima inapokusanyika kuomba, kula na kumaliza maombolezo. Anayelikata kabla ya siku hiyo, wanasema, anamfunua marehemu.

Na kilio hakingeweza kuondolewa bila dada yangu mkubwa. Yeye anaishi Mubi, kule msituni Walikale, ambako watu hulala bila shuka kwa sababu ya joto. Alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto mwenye kifua dhaifu, aliyekwisha kulazwa kwa homa ya mapafu. Vita barabarani vilipotulia kidogo, akapiga simu kusema wanapanda kwa pikipiki.

“Mutoto hana hata tiriko moja,” alisema, yaani sweta. “Huku joto, nani atauzisha tiriko? Weye uko na mashini ya mama. Mushonee kitu, dada. Muganga alisema baridi ikimuingia tena, hatapona.”

Nilishuka soko la Kitshanga. Mitumba ya watoto ilikuwa imekwisha. Kambi zilijaa watu waliokimbia vijiji vyao, na kila mama alitafuta kilekile nilichotafuta. Mablanketi yetu mengine tulikuwa tumewagawia ndugu waliokimbilia kwetu. Langu lilikuwa jepesi hadi ukiliinua unaona dirisha ng’ambo yake.

Basi nikashusha mapazia ya sebuleni, nikayashona tabaka mbili, na katikati nikatia sweta ya baba iliyoliwa na nondo. Likatoka koti dogo, gumu kama gunia. Sikuliamini. Nilijaza maji ya moto kwenye kidumu kidogo cha mafuta, nikakivalisha koti, nikakiweka barazani mahali ukungu unapoingia. Nilipomaliza kumenya viazi vya mchana, maji yalikuwa yamepoa.

Nikakijaza tena. Safari hii nilikizungushia blanketi la mama, nikakilaza kitandani pake. Kuzungusha si kukata, nilijiambia. Kisha nikaenda kisimani.

Niliporudi nilisikia yowe. Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye tangu mazishi alikuwa akikaa nasi ili kulinda kilio, alisimama mlangoni mwa chumba akiwa ameshika rozari yake.

“Ni nani iko analala pa kitanda ya wifi yangu?”

“Ni kidumu, shangazi.”

“Kidumu!” Alisogea, akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa kama aliyeumwa na siafu. “Iko moto!”

“Ni maji. Niko napima.”

“Unapima nini? Kumbe kule université njo banawafundisha kulalisha bidumu! Ungekiimbia na wimbo, lisansiye, mutu wa shahada.”

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikageuka, akalia.

Nami nikaingiza mkono. Palikuwa na joto la mgongo wa mama, asubuhi zile za utotoni nilipojipenyeza kwake kabla ya shule. Joto lilikuwa limeamsha harufu yake pia: moshi, sabuni, dawa aliyojipaka kifuani. Nilijua kilichomo ndani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekifunga kifuniko. Hata hivyo nilisimama nikisubiri blanketi lipande na kushuka.

“Usikate,” shangazi alisema nyuma yangu. “Naona mawazo yako. Utamufunua.”

“Na mutoto?”

“Mutoto ni wa Mungu.”

“Na mama ni wa nani, shangazi?”

“Weye na maneno yako,” akasema, akatoka.

Siku iliyofuata dada alipiga simu tena. Walikuwa wamefika Walikale mjini, wangeanza kupanda milima kesho yake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kumzungushia mtoto blanketi zima hakungefaa, upepo wa pikipiki ungelifungua. Nikayapanga mawazo yangu kama kawaida yangu, na kuyapangua. Nikikata, na mtoto afe, wote watasema nimemfunua mama naye amemchukua mjukuu wake apate joto. Nisipokata, na mtoto afe, hakuna atakayesema lolote. Nitajua mimi peke yangu, kila nikilitazama blanketi zima juu ya kitanda. Hofu haikupungua. Ila niliona hofu ipi ningeweza kuishi nayo.

Nilitandika blanketi mezani. “Mama, nakufunua,” nikasema kwa sauti, kisha nikakata kuanzia upande wa miguu. Mkasi ulitoa sauti ya ng’ombe anayetafuna majani. Mashini iliukataa unene ule, nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, sindano isivunjike. Nilishona kofia iliyoungana na koti, mikono iliyofungwa ncha, suruali yenye nyayo, mishono yote nje isimkwaruze mtoto.

Shangazi alikaa barazani akitoa maharage kwenye maganda, amenipa mgongo.

“Mimi sione kitu,” aliuambia uwanja mtupu. “Ile kelele ni panya.”

Baada ya kitambo: “Panya ile ikaze vizuri shingoni. Upepo unapitaka pale.”

Nilikaza shingoni. Kabla jua halijazama nilipeleka kifurushi kwenye duka la Papa mmoja, mfanyabiashara wa upande wa Butembo, ambaye pikipiki zake hushuka Walikale usiku na chumvi na sabuni. Nilimpa dereva namba ya dada, nikamwomba amwambie amvalishe mtoto kabla hawajaanza kupanda.

“Ni nguo ya nani?” aliuliza, akiipima kwa vidole. “Iko nzito.”

“Ya mama,” nikasema.

Akaitia ndani ya jaketi lake, akafunga zipu, akawasha pikipiki.