Kamba yangu imepimwa leo Marani

Leo nimeshindwa kuvuta waya, na kamba haijakatika.

Mnajua ninavyoisifu hii kamba yangu ya nailoni. Za mafundi wengine hukatikia ndani ya paipu. Yangu, wapi.

Basi niko Marani, naweka stima nyumba mpya ya Mama Moraa. Nimepitisha kamba kwenye paipu kutoka sebuleni hadi jikoni, nikaifunga kwenye ncha ya waya. Nikamwomba mama anishikie waya huko jikoni.

"Usiiachilie ijikunje, mama."

Nikarudi sebuleni, nikavuta.

Haiendi.

Nikaweka mguu ukutani, nikavuta kama natoa ng'ombe mtaroni. Bado. Nikajua tu mwashi ameacha simiti ndani ya paipu (samahani, mwashi).

Halafu kamba ikaanza kurudi ukutani. Na mimi nayo.

Nikakimbia jikoni. Mama Moraa amejizungushia waya kiunoni, anavuta.

"Mwanangu, ulisema nisiiachilie. Ilitaka kuniponyoka, lakini nimeirudisha."

Sasa nani hapa bado anasema kamba yangu ni dhaifu? Alete yake, mama yuko nyumbani.