Kiatu cha Juu ya Mlango

Nilipokuwa mtoto wa kimo cha kufikia komeo la mlango bila kunyanyua visigino, familia yetu ilipanga vyumba viwili katika nyumba ya mawe iliyosimama kati ya Kariakoo na viwanja vya Mnazi Mmoja. Nyumba nyingine za mtaa zilikuwa za miti na udongo, zenye bati juu na baraza mbele. Yetu ilikuwa na kuta nene za matumbawe na chokaa, na katika ukumbi wake mlikuwa na kitu ambacho hakuna mpangaji aliyeweza kukieleza: mahali pa kuotea moto, pamoja na dohani lake. Katika mji ambao watu hulala barazani kwa sababu ya joto, mtu alikuwa ameketi, akapiga hesabu, akajenga mahali pa kuotea moto! Mama Mrema, mpangaji mwenzetu aliyetoka Kilimanjaro na kufungua duka la nafaka sokoni, alifugia kuku humo.

Mjenzi alikuwa Mskoti, mhandisi wa reli wa nyakati za Mwingereza. Jina lake halikusalia mtaani. Lililosalia ni lakabu, Bwana Zumari, kwa kuwa jioni alikaa uani akipuliza zumari lenye mfuko wa ngozi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa msichana wakati huo. Alitusimulia kwamba wapigaji ngoma wa Gerezani walikuja kumsikiliza, wakabishana kama lile lilikuwa zumari kweli au mbuzi anayelalamika. Bwana Zumari alikuwa na mke na mtoto mdogo. Siku moja wakarudi kwao Uskoti kwa meli. Mtaa, ambao haupendi hadithi iishie hewani, ukaitungia mwisho: ikasemwa kwamba mtoto hakuonekana akipanda meli, na kwamba nyumba imara kiasi kile haisimami bila kafara.

Ni lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyetoka pwani. Kwetu nyumba huzindikwa kabla ya kukaliwa. Huitwa mtu mwenye elimu hiyo, dua husomwa, kitu hufukiwa kizingitini au pembeni mwa msingi, na tangu hapo kitu hicho hakiguswi. Anayekitoa amekiruhusu kuingia kila kilichokuwa kimezuiwa nje. Sisi watoto tulijua hayo kama tulivyojua kwamba kenge hali mtu na mamba hula.

Mwaka huo masika yalikuwa makali, na ufa ukatokea juu ya mlango wa nyuma, ule wa kutokea uani. Mwenye nyumba alimtuma Fundi Mbaruku. Alasiri moja fundi aliegemeza ngazi, akailaza chini mirunda yake, zile nguzo za miti za kuushikilia ukuta usianguke, akapanda ili kwanza achungulie. Alichomoa jiwe dogo lililokaa moja kwa moja juu ya linta, yaani lile jiwe refu linalobeba ukuta juu ya mlango. Akaingiza mkono katika tundu. Kisha tukamsikia akisema bismillahi kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nge.

Alishuka akiwa ameshika kiatu cha mtoto. Kilikuwa cha ngozi nyeusi, cha mguu wa kushoto, kimekauka kama papa wa sokoni, kisigino kimelika upande mmoja. Kilichoturudisha nyuma hatua moja ni kwamba kilikuwa bado kimeshika umbo la mguu, kama vile mwenyewe amekivua sasa hivi.

"Mimi nimeitwa kuziba ufa," alisema Fundi Mbaruku. "Sikuitwa kufukua watu."

"Ni kiatu tu, Fundi," akajibu baba. "Mtu yuko wapi?"

"Ndilo swali langu hilo, Bwana Athumani. Mtu yuko wapi?"

Baba alikuwa karani wa bohari, mtu aliyeamini kwamba kila kitu kina mahali pake na sababu yake. Bibi alitoka chumbani akijifunga kanga, akakitazama kiatu bila kukigusa.

"Kirudishe ulikokitoa, mwanangu," alimwambia fundi.

"Sirudishi, Bibi. Sikukiweka mimi. Nikikirudisha nimekuwa mwenye nacho."

Akakiweka chini, akakusanya mwiko na nyundo yake, akaondoka kwa kasi isiyolingana na umri wake. Mirunda ilibaki imelala uani. Naomba msomaji aikumbuke mirunda hiyo.

Bibi aligeuka kuwatazama wapangaji wote waliokuwa wamekwisha kusanyika. "Mlango huu asipite mtu," alisema. "Kiatu hiki kimekaa mahali pa mguu. Kisiporudi kabla ya jua kuchwa, kitadai mguu wake."

"Bibi, tukisali kidogo haitoshi?" akauliza Mama Mrema.

"Sali, binti yangu. Ila salia upande huu wa mlango."

"Na kiatu?"

"Wewe Mchaga, moyoni umekwisha kukipeleka sokoni."

"Kiatu kimoja hata Mchaga hauzi, Bibi," alijibu Mama Mrema, na watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na hakuna aliyesogea mlangoni.

Baba hakucheka. Alikiokota kiatu mbele ya watu wote, akakipiga vumbi kwenye suruali yake ya kazini, akaenda nacho ukumbini na kukiweka juu ya mahali pa kuotea moto, wazi, kila mtu akione. Alisema kesho angemtafuta fundi mwingine.

"Mama, kiatu ni kiatu."

"Na moto ni moto, mwanangu. Ila hatuulalii."

Jua likaanza kuteremka upande wa Ilala. Jiko la kupikia lilikuwa uani, na kwa kuwa mlango wa nyuma umepigwa marufuku, akina mama walizunguka na masufuria yao kupitia kichochoro cha ubavuni. Mtu mzima hakukaribia mlango ule hata kwa hatua za kupita tu. Nilimfuata mama kichochoroni nikiwa nimebeba kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Wingu zito lilikuwa limejikusanya, upepo ukaingia uani, na katika upepo ule nikasikia sauti ndogo ambayo hata leo naweza kuitofautisha na nyingine yoyote: chembe za chokaa zikidondoka juu ya sakafu, kidogo kidogo, kama mtu anayechambua mchele.

Niliinua macho. Mdogo wangu Zuhura, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alikuwa amekaa kizingitini, chini ya linta. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Wa kushoto alikuwa ameuvisha kile kiatu. Zuhura hakuwahi kuwa na viatu vya ngozi maishani mwake, na baba alikuwa amekiweka mahali ambapo mtoto akikanyaga banda la kuku anakifikia.

Mama alitua sufuria, akaanza kumwendea. Bibi ndiye aliyesema, kwa upole wa kutisha, "Zuhura, mwanangu, njoo kwangu. Taratibu."

Zuhura akaunyanyua mguu ili sote tuuone. "Bibi, kimenienea!"

Chokaa iliyokuwa ikidondoka ikawa inamiminika. Nikapiga kelele, "Baba! Zuhura yuko mlangoni!" Baba alikuwa upande wa pili, ukumbini. Nilimwona akija mbio, shati jeupe katika giza la ndani, na kwa muda ule mfupi niliona pia kwamba aliinua macho akatazama juu. Alijua. Hakupunguza mwendo. Alimsukuma Zuhura kwa mikono yote miwili, mtoto akaruka akaangukia kifuani mwa mama, na linta ikashuka pamoja na ukuta uliokuwa juu yake.

Vumbi lilipotulia, baba alikuwa amelala nusu ndani na nusu nje. Alikuwa hai. Jiwe lilikuwa limekaa juu ya mguu wake. Wa kushoto.

Mama Mrema ndiye aliyeshika ncha moja ya jiwe na Bibi ncha nyingine, vikongwe na vijana wakaongeza mikono, na baba akapelekwa hospitali juu ya mkokoteni wa muuza maji, Bibi akitembea kando yake akiwa ameushika mkono wake. Nilitarajia amwambie kwamba alimwonya. Hakumwambia siku ile, wala siku nyingine yoyote hadi anakufa.

Nimekuwa mtu wa kupima mambo maisha yangu yote, kwa kusomea na kwa kazi, na tangu nistaafu nimepata nafasi ya kulipima hili vizuri. Kwamba ulikuwa mguu wa kushoto si ajabu kubwa: binadamu ana miguu miwili, hana wa tatu. Linta ilianguka kwa sababu jiwe la juu yake lilitolewa na mirunda haikusimamishwa. Na mirunda haikusimamishwa kwa sababu fundi alikimbia. Na alikimbia kwa sababu ya imani. Marufuku ya Bibi iliwaondoa watu wazima wote mlangoni, na bila hiyo huenda tungewazika wapishi wawili au watatu. Lakini marufuku hiyohiyo ilihakikisha hapakuwa na mtu mzima karibu wa kumzuia mtoto. Upande mmoja imani ilitoa, upande mwingine ikachukua. Nimeipanga hesabu hiyo kwa namna nyingi, na kila mara hubaki kitu kidogo chini ya mstari ambacho sijui nikiandike upande gani.

Baba alirudi nyumbani akichechemea, na alichechemea hadi mwisho. Siku fundi mpya alipokuja kujenga mlango upya, baba alitoka na mkongojo wake, akamkabidhi kiatu, akamwambia akirudishe juu ya linta, palepale. Nilistaajabu. Jioni nilimuuliza kama sasa ameamini.

"Siamini," alisema. "Lakini fundi anaamini. Nami nataka fundi atulie juu ya ngazi."

Miaka ikapita, na Kariakoo ikapanda juu. Nyumba za majirani zilibomolewa moja baada ya nyingine, maghorofa yakaota. Yetu ilibaki. Madalali walileta wanunuzi, wanunuzi wakanywa kahawa kwa jirani, jirani akawasimulia habari ya mguu, na hawakurudi. Sheria ya kulinda majengo ya kale ilipofika mtaani ilikuta woga umekwisha kuifanya kazi yake. Sasa nyumba inakarabatiwa ili watalii waitembelee, hasa wanaotoka Uskoti kufuata nyayo za watu wao waliojenga reli na bandari, na mimi niliitwa kama mpangaji wa mwisho anayejua kilichomo ukutani.

Nilikuta vijana wa ukarabati juu ya jukwaa, na chini yao Neema, mtaalamu wa mambo ya kale, mwenye umri wa mjukuu wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, tuoneshe kilipo. Tutakiweka ndani ya kabati la kioo. Watalii watakipenda sana."

Pamoja naye alikuwa mgeni mmoja, Bi Mairi, Mskoti anayeshughulika na nyumba za kale za kwao. Neema alimtafsiria habari yote. Bi Mairi alisikiliza, na ilipofika kwenye kafara ya mtoto akatikisa kichwa kwa nguvu. Kwao, alisema, waashi wa zamani walificha kiatu kikuukuu juu ya mlango au karibu na dohani. Ni lazima kiwe kimekwisha kuvaliwa hadi kikashika umbo la mguu, ili baya linapoingia likidhanie ndiye mtu, likikamate chenyewe na kumwacha mwenye mguu salama. Mtoto wa Bwana Zumari, kwa vyovyote, alipanda meli akiwa na viatu vipya.

Nilikaa kwanza juu ya tofali. Maisha yote tulidhani kile ni kiatu cha mtoto aliyetolewa, kumbe ni cha mtoto aliyelindwa. Bwana Zumari alikuwa ameizindika nyumba yake kama sisi tu. Mtaa mzima haukumdhania kwamba naye aliogopa kama wazazi wengine.

"Na kwenu kikipatikana," nilimuuliza, "hufanywaje?"

"Wengine hukipeleka makumbusho," Neema alitafsiri. "Lakini anasema bibi yake angekirudisha kabla ya chakula cha jioni."

Juu ya jukwaa mwashi mmoja kijana alikuwa ameacha kazi, mwiko mkononi, ametega sikio. Nilimwona akiusogeza mguu wake polepole kuelekea kwenye ngazi. Nikafahamu nilichopaswa kusema.

"Andikeni habari yake kwenye ubao, mwelezeni mtalii kila kitu. Ila chenyewe kiacheni kilipo."

"Mzee, nawe unaamini?"

"Siamini. Mtazame fundi wako."

Neema akatazama juu. Akaagiza ubao uandikwe.

Jioni hiyo nilimpigia simu Zuhura, ambaye sasa ana wajukuu, na ambaye tangu tuhame hakuwahi kuikaribia nyumba ile. "Kaka, wamekitoa?" ndilo jambo la kwanza aliloniuliza. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nitakuja."

Alikuja Jumamosi, amevaa kandambili. Alisimama kizingitini muda mrefu, akavua ile ya kushoto, akaishika mkononi, akapita hadi uani, mahali mama alipompokea. Nikamfuata. Nilipofika chini ya linta niligundua kwamba nimeinua macho.

"Mzee unaangalia nini?" akauliza Neema.

"Mirunda," nilimjibu.