Toa Thelathini, Gawa kwa Mbili

Bishar Rage, muuza vipuri vya malori pale Habaswein, ni mtu wa kujua kila kitu. Ndugu yake aliyeko Minnesota alipomtumia kipimajoto, Bishar alijiona daktari. Kile kifaa kilisoma kwa farenhaiti, kipimo cha Wamarekani, na kliniki yetu hutumia selsiasi. Hilo halikumbabaisha. Alikuwa na njia ya mkato, ile ambayo ndugu yake hutumia kumweleza baridi ya huko: toa thelathini, gawa kwa mbili.

Kwa baridi ya Minnesota inatosha. Kwa mwili wa binadamu ni upuuzi, lakini debe tupu haliachi kuvuma. Majirani walimletea watoto dukani, akapima, akapiga hesabu kichwani, wakaondoka wakimsifu. Mwenye tisini na nane, yaani asiye na ugonjwa wowote, kwake alikuwa thelathini na nne. Kwa hesabu hiyo sote tulikuwa maiti tunaotembea, naye hakushangaa.

Mwezi wa Machi binti yake Ruweyda, wa miaka minne, alishikwa na homa. Mkewe, Hamda, alimgusa shingoni, akaja kuniomba mimi jirani yao pikapu yangu ampeleke kliniki. Bishar akamrudisha, akapima. Mia moja na nne.

"Toa thelathini, inabaki sabini na nne. Nusu yake thelathini na saba," alisema. "Hilo ndilo joto la mwenye afya. Unataka watu wanicheke?"

"Baba Ruweyda, mtoto anaungua."

"Wewe umesoma wapi?"

Hamda akaendelea kumkanda mtoto kwa maji. Mimi sijapata kuona kiburi cha namna ile, na hadi leo nikikumbuka nachemka.

Kesho yake mtoto alishikwa na degedege, nikawakimbiza kliniki. Nesi Risper alimlaza kitandani, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akauliza joto lilikuwa ngapi jana.

"Sista, ilikuwa mia moja na nne," Bishar akasema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Hiyo ni thelathini na saba. Iko sawa kabisa, walaahi."

"Ni arobaini, mzee. Unatoa thelathini na mbili, unazidisha kwa tano, unagawa kwa tisa."

Bishar alifumba macho, akapiga hesabu upya, upesi kama kawaida yake. Ilitoka arobaini.

"Basi biga yeye sindano," akasema.

Risper alikuwa akivuta shuka kumfunika Ruweyda uso.

Hamda alikitoa kipimajoto mfukoni mwa mumewe, akamwekea kiganjani.

"Mpime sasa," alimwambia. "Amepoa."