Viatu vya Magongo

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alivunjika nyonga akimkimbia fahali wake mwenyewe. Simsemi vibaya, naeleza kilichotokea. Alipotoka hospitali, seremala wa hapa Ihanda alimchongea magongo mawili ya mbao, manene kama mchi. Ndani ya nyumba yalimfaa. Nje, mvua ikinyesha, udongo wetu ni utelezi mtupu. Gongo lilikwenda huku, mzee akaenda kule. Alipoanguka mara ya pili, alikaa kwenye kiti akasema hatoki tena. Baada ya siku mbili akasema, "Ng'ombe nisiowaona si wangu. Nimempigia simu mnunuzi. Alhamisi anakuja kuwachukua wote."

Walikuwa kumi na mmoja. Maziwa ya mama zao na bibi zao ndiyo yaliyolea watoto wangu. Sikulia. Nilitafuta mpira wa kuvisha ncha za magongo.

Vifuniko vya mpira vya dukani ni vya magongo ya chuma, vyembamba, havikuingia. Nikayeyusha kipande cha dumu kwenye sufuria mbovu, nikachovya ncha ya gongo. Kilipopoa kikawa kigumu kama ukwato, kikateleza kuliko hata mbao yenyewe. Nikajaribu tyubu ya baiskeli. Haikuyeyuka. Iliungua tu, moshi mweusi, hadi jirani akaja kuuliza tunapika nini. Nilimwambia arudi kwake.

Jumanne nikapanda bodaboda hadi Omurushaka, kwa fundi mmoja Mwislamu anayetengeneza soli za viatu. Ana mashine inayofanana na ile ya kusagia nyama, ila hii ni ndefu, na umeme unaipasha moto tumbo lote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka kitu kigumu ambacho si kigumu."

Hakucheka, ndiyo maana nikakaa. Nilimweleza habari ya magongo, ya dumu na ya tyubu.

"Tyubu ilishapikwa kiwandani," akasema. "Ni kama yai la kuchemsha. Utalirudisha liwe uji?"

"Hapana."

"Basi. Dumu linayeyuka lakini halina ulaini. Tafuta soli za zile raba laini, zinazoyeyuka. Soli mafungu matatu, dumu fungu moja. Dumu litashika umbo, soli itashika ardhi. Ukate kama punje za mahindi, uoshe, ukaushe. Maji yakibaki, yatatoa mapovu ndani."

Jioni ile nilikata raba za nyumba nzima, pamoja na za mkwe wangu, ambaye hakuulizwa.

Jumatano asubuhi fundi akamimina punje zangu kwenye mashine. Parafujo ya ndani, yaani skrubu yake kubwa, ikazunguka, ikazunguka. Hakikutoka kitu. Akazima, akachota punje chache, akazisugua kwa vidole, akavinusa.

"Bibi, umeziosha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni."

"Halafu?"

"Halafu nikapaka samli."

Akavinusa tena vidole. "Samli?"

"Ya ng'ombe. Ulitaka nipake ya nini?"

Kwetu wafugaji chombo kikishaoshwa hakiachwi kikavu kama cha yatima. Kibuyu kinapakwa, ngozi inapakwa, hata mtoto. Ningepelekaje vitu kwa watu vikiwa vimepauka?

"Bibi yangu," akasema taratibu, "parafujo inasukuma kwa sababu punje zinang'ang'ania ukuta wa chuma. Hizi zako zinateleza tu. Hata zikitoka, soli na dumu hazitashikana. Samli imekaa katikati."

"Kwa hiyo nimeharibu."

"Umeharibu kwa usafi."

Nikaziosha upya kwa majivu na maji ya moto, mara tatu, nikazianika juu ya bati. Fundi akaenda kuswali adhuhuri, mimi nikabaki nikizigeuza na kuangalia wingu lililokuwa linatoka upande wa Kyerwa. Mnunuzi alikuwa wa kesho. Zikakauka kabla ya mvua, kwa kupishana kidogo sana.

Safari hii ukatoka utepe mnene, wenye michirizi ya njano ya dumu. Nikasema tayari. Fundi akasema, "Bado hawajajuana." Akaukatakata, akaurudisha. Mara ya tatu ukatoka rangi moja. Akaukandamiza ungali moto ndani ya vipande viwili vya bomba, akauachia shimo la kuingiza ncha ya gongo, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kikaingia, kikarudi.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliyavisha magongo vile vifuniko, nikampelekea mzee.

"Nini hivi?" mzee akauliza.

"Viatu vya magongo."

"Vinanuka."

"Na wewe unanuka. Simama."

Akasimama. Sikumshika, maana akishikwa hukasirika. Uwanjani alilisimika gongo kwenye tope, akaliegemea, akangoja limsaliti. Halikwenda popote. Akasimika la pili.

Mnunuzi alipofika na lori, alimkuta zizini, ameegemea gongo moja, kwa jingine anamkuna jike mgongo.

"Mzee, tupakie?"

"Upakie nini?"

"Si ulinipigia simu?"

"Nilikuwa naumwa."

Mnunuzi akanitazama mimi. Nikamkaribisha maziwa, akanywa vikombe viwili kwa hasira, akaondoka na lori tupu.

Mzee alibaki zizini na mvua yake. Baadaye nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke: ng'ombe wana kupe masikioni, nani alikuwa anawaangalia?

Nilikuwa mimi. Nikampelekea dawa.