Skonzi za Mama Edwin

Teodosia alijifunzia kupika skonzi kwenye jiko la masista wa Mnero, alikokuwa akiosha vyombo enzi za usichana wake. Sista mmoja mzee, miguu imemvimba, ndiye aliyemkataza kukanda unga. "Ukiukanda kama wa chapati, umeuua," alimwambia. Unga wa ngano, beking pauda, chumvi. Siagi inavurugwa kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga. Maziwa mgando yanamiminwa, halafu mkono unatoka upesi. Donge linatandazwa na kukatwa kwa mdomo wa glasi.

Alipoolewa na Lukasi hakuwa na oveni, akatafuta sufuria nzito na kuitandika mchanga. Makaa yalikaa chini, mengine juu ya mfuniko. Skonzi zikatoka zimeumuka, mgongo wa rangi ya korosho iliyokaangwa, na ukizipasua tabaka zinaachana zenyewe huku mvuke ukitoka.

Lukasi alikuwa mtu wa shamba, si mtu wa maneno. Kila Jumapili baada ya misa aliketi barazani, akapasua skonzi, akala, akasema, "Tamu, Mama Edwin." Basi. Neno hilo lilimtosha mkewe mpaka Jumapili nyingine.

Mwaka huu, wakati wa baridi, Teodosia aliugua mafua makali na homa. Homa iliondoka, akarudi shambani. Siku moja kisamvu kiliungua jikoni, moshi ukajaa mpaka Sikudhani, jirani yake, akaja mbio. Alimkuta Teodosia ameketi palepale, anachambua kunde.

"Husikii harufu?" Sikudhani aliuliza.

"Pua imeziba," alijibu.

Lakini haikuwa imeziba. Alikuwa anapumua vizuri tu. Alikwenda zahanati, mganga akamtazama puani na kooni, akamwambia wengine hupona wenyewe na wengine hawaponi, na kwamba dawa ya kumpa hana. Teodosia alirudi nyumbani, asimwambie mtu. Aliona aibu, kama kwamba ameibiwa kitu kwa uzembe wake. Akaendelea kupika skonzi, akiamini mikono inakumbuka.

Ikaja Jumapili ya Kipaimara cha mjukuu wake. Mwanawe Edwin alikuja kutoka Ruangwa na mkewe na watoto. Teodosia aliamka alfajiri, akawasha makaa kwa mafuta ya taa, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia kwenye unga. Wageni walipoketi, aliwapitishia sinia kwa furaha. Watoto walimega, wakatazamana, wakazichomeka chini ya mkeka. Mkwewe alishikilia kikombe cha chai mpaka kikapoa. Lukasi alikula mbili, akasema, "Tamu, Mama Edwin."

Jioni, wageni wameshaondoka, Sikudhani alikuja kuchukua fungu lake kama kawaida. Alimega moja, akaitema kiganjani.

"Mama Edwin, mbona zinanuka mafuta ya taa?"

Teodosia alipeleka mikono yake puani. Akavuta pumzi, akavuta tena. Hakuna kitu. Hapo ndipo alipolia, na kulia kukamtoa siri yote.

Sikudhani alipoondoka, Teodosia alimfuata mumewe barazani.

"Baba Edwin, ulijua zinanuka?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Uliamka alfajiri kuzipika."

"Na za wiki iliyopita?"

Lukasi alikuna goti. "Zilikuwa na chumvi kidogo."

"Na za kabla ya hapo?"

"Mama Edwin, mimi nilikuwa nakula tu."

Hakulisema neno hilo kwa ubaya. Lakini lilimwingia Teodosia, likakaa.

Sikudhani hakukata tamaa. Alisema atakuwa pua ya rafiki yake, na Jumapili iliyofuata alikuja kweli. Alinusa maziwa, akaonja donge kwa ncha ya ulimi, akamnawisha mwenzake kwa sabuni na ndimu. Skonzi zikatoka. Akaila moja ya moto, macho yakamlegea. "Wallahi, ndizo zenyewe! Ndizo zile zile!"

Teodosia aliuma yake. Alisikia joto, alisikia tabaka zikiachana ulimini. Baada ya hapo ilikuwa kama kutafuna kitambaa kibichi. Akaiweka chini, akamtazama mumewe.

Lukasi alipasua, akatafuna polepole, macho kwenye mikorosho ya jirani. "Tamu, Mama Edwin," akasema. Ni sauti ile ile, na uso ule ule aliokula nao zile za mafuta ya taa.

Teodosia alianza kurudi nyuma moyoni, Jumapili moja baada ya nyingine: miaka ya siagi ya kukopa, miaka ya maziwa yaliyochacha mno, skonzi za asubuhi ya harusi ya Edwin. Ipi ilikuwa tamu kweli? Angeweza kumuuliza, naye angejibu kwa upole, na jibu lisingemsaidia chochote. Aliondoa sinia.

Hakupika tena. Sikudhani alimbembeleza, yeye akisingizia unga umepanda bei, mpaka mwenzake akachoka kuuliza. Jumapili wanakula muhogo wa kuchemsha. Krismasi mkwe alileta biskuti za paketi kutoka stendi ya Nachingwea, watoto wakazigombania. Teodosia alitumbukiza yake kwenye chai mpaka ikayeyuka, akainywa.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha, baada ya watu kuingoja kwa muda mrefu. Sikudhani alisimama uani, uso ameuinua.

"Yaani ardhi inavyonukia leo!" akapaza sauti kuvuka ua.

"Inanukia kweli," Teodosia aliitikia kutoka mlangoni, akageuka, akaingia ndani.